Mifarishi ya Hisani: Historia ya Tandiko la Viraka

Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika au kutandika, yenye tabaka tatu: uso, ujazo wa pamba au sufu katikati, na bitana kwa chini. Uso mara nyingi huungwa kwa vipande vya vitambaa mbalimbali. Tabaka zote tatu hushikanishwa kwa mshono unaopenya toka juu hadi chini, au kwa vifundo vya uzi vinavyofungwa hapa na pale. Ufundi huu ni wa kale, na ulijulikana Bara Hindi, Uchina na Ulaya karne nyingi kabla ya cherehani. Katika kisiwa cha Sicily, mwishoni mwa karne ya 14, ulishonwa mfarishi wa kitani uliosimulia kwa picha hadithi ya shujaa Tristan. Sehemu yake moja imehifadhiwa katika Victoria and Albert Museum, London.

Mfarishi wa hisani ni jambo jingine. Huu hushonwa haraka, kwa vitambaa vya kawaida, kwa kipimo kilichopangwa na wengine, na hupewa mtu ambaye mshonaji hatamwona maishani. Historia yake ni fupi zaidi. Ilianza kushika kasi Amerika Kaskazini katika karne ya 19, ikakua kila vita au njaa ilipozuka, na leo mifarishi ya namna hiyo hufungashwa kwa makontena na kuvushwa bahari.

Kilichoifungulia njia ni bei ya kitambaa. Katika karne ya 18 kitambaa kilikuwa mali ya kurithishwa, na mfarishi ulikuwa pambo la nyumba za wenye uwezo kuliko kimbilio la maskini. Viwanda vya nguo vya Uingereza, na vile vya Lowell, Massachusetts, vilivyoanza kazi miaka ya 1820, vilishusha bei ya pamba yenye maua hata mke wa mkulima wa kawaida akabaki na mabaki ya kukatia miraba. Kisha ikaja cherehani: Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Kazi ya kuunga uso iliyochukua majuma kwa mkono sasa iliweza kumalizika kwa siku chache. Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa na gharama iliyolipwa na wengine, maana pamba iliyolisha viwanda hivyo ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa Marekani.

Wanawake waliopinga utumwa waliliona jambo hilo vizuri. Kuanzia mwaka 1834 chama cha wanawake wa Boston kilichopigania kufutwa kwa utumwa kiliandaa maonyesho ya mauzo ya kila mwaka kukusanya fedha za harakati. Kazi za mikono ziliuzwa, na nyingi zilibeba ujumbe. Kwa maonyesho ya mwaka 1836 mwandishi Lydia Maria Child alishona mfarishi mdogo wa kitanda cha mtoto, wenye miraba ya nyota, na katikati yake yakaandikwa kwa wino maneno ya kumtaka mama anayemkumbatia mwanawe amkumbuke mama mtumwa aliyenyang'anywa wake. Mfarishi huo ungalipo, umehifadhiwa na taasisi ya Historic New England. Baadhi ya wapinga utumwa walikwenda mbali zaidi na kukataa kununua pamba yoyote iliyotoka katika mashamba ya watumwa.

Tangu hapo mfarishi wa hisani ulifuata njia mbili. Njia ya kwanza ni kuushona ili uuzwe, fedha ziende kwa wahitaji. Njia ya pili ni kuushona ili wenyewe ndio uwe msaada, umfunike mtu mwenye baridi. Mifarishi ya njia ya kwanza hupambwa, hununuliwa na wapenda vitu vizuri, na huishia makumbusho. Ile ya njia ya pili hutumika hadi ikachakaa. Ndiyo sababu vitabu vingi vya historia ya ushonaji vimejaa picha za mifarishi ya njia ya kwanza, ingawa iliyoshonwa kwa wingi zaidi, na iliyowafaa watu zaidi, ni ile ya pili.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyoanza Aprili 1861, ndivyo vilivyoifanya njia ya pili kuwa kazi ya taifa zima. Jeshi la Kaskazini liliongezeka ghafla kwa mamia ya maelfu ya vijana, na serikali haikuwa na mablanketi ya kuwatosha. Juni mwaka huohuo serikali ya Rais Abraham Lincoln iliidhinisha tume ya kiraia iliyoitwa United States Sanitary Commission, yenye kazi ya kusimamia usafi wa kambi na kupeleka mahitaji katika hospitali za jeshi. Chini yake yalikuwapo maelfu ya makundi ya wanawake katika miji na vijiji, na kila kundi lilishona, likafungasha masanduku na kuyapeleka kwenye matawi makubwa kama New York, Boston na Chicago.

Hapo ndipo mfarishi ulipopata kipimo. Kitanda cha hospitali ya jeshi kilikuwa chembamba, kwa hiyo mfarishi wa kitanda cha watu wawili haukufaa. Washonaji walielekezwa watengeneze matandiko ya urefu wa takriban futi saba na upana wa takriban futi nne. Waliokuwa na mifarishi mikubwa nyumbani waliikata. Kila uliopita mikononi mwa Tume uligongwa muhuri wa wino ili usiibwe na kuuzwa. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba mifarishi iliyogawiwa kwa askari wa Kaskazini ilizidi 250,000. Iliyosalia hadi leo ni michache mno. Askari waliitumia hadi ikararuka, na wengi waliokufa walizikwa wakiwa wamevingirishiwa humo.

Mmoja uliosalia unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 1863, katika mji wa Augusta, jimbo la Maine, Susannah Pullen na wasichana aliowafundisha shule ya Jumapili walishona mfarishi wa miraba ya nyota. Juu ya vipande vyeupe waliandika kwa wino majina yao, mistari ya Biblia, mafumbo, nasaha za afya na maneno ya kumchangamsha mgonjwa. Waliandika pia maombi mawili. La kwanza, kwamba askari yeyote atakayemwandikia barua ya heshima mmoja wa waliotajwa atajibiwa. La pili, kwamba mfarishi ukinusurika vita urudishwe kwa mwenyewe. Ulipelekwa katika hospitali za jeshi mjini Washington, na kutoka wodini barua zilikuja Maine, zikimshukuru Pullen na kueleza jinsi maandishi yale yalivyosomwa na majeruhi. Vita vilipokwisha, mfarishi ulirudi kweli. Leo umo katika National Museum of American History mjini Washington. Mwanamume aliyelala chali kwa majuma, mguu umekatwa, hana kitabu wala mgeni, alikuwa na nguo ya kumfunika na ya kumsomesha kwa wakati mmoja.

Washington hiyohiyo ilikuwa na watu wengine waliolala kwenye baridi, na hao hawakuwa na jeshi la kuwasemea. Maelfu ya watumwa waliotoroka mashamba ya kusini walikusanyika mjini humo. Elizabeth Keckley, aliyezaliwa mtumwa, akajinunua kwa kazi ya ushonaji na hatimaye akawa mshonaji wa Mary Lincoln, mke wa rais, aliunda mwaka 1862 chama cha kuwasaidia. Novemba ya mwaka huo Mary Lincoln alimwandikia mumewe kwamba watu hao wanateseka sana, wengi hawana cha kujifunikia zaidi ya vipande vya mazulia, na kwamba ametenga dola 200 kutoka katika mfuko wa misaada ili Keckley anunue matandiko. Sura hii hutajwa kwa nadra pale inaposimuliwa historia ya mifarishi ya vita, na haistahili kuachwa. Mwanamke aliyeijua sindano kama njia ya kununua uhuru wake aliigeuza elimu hiyo kuwa msaada kwa waliokuwa bado wanaukimbilia.

Njia ya kwanza, ile ya kuuza, nayo haikulala. Oktoba 1863 Mary Livermore na Jane Hoge walifungua maonyesho makubwa mjini Chicago kwa ajili ya Tume. Mifarishi iliuzwa pamoja na vyakula, picha na mifugo, na Lincoln alichangia rasimu ya mkono wake ya Tangazo la Ukombozi wa watumwa, iliyouzwa kwa dola 3,000. Maonyesho ya New York ya Aprili 1864 yalizidi dola milioni moja. Upande wa Kusini, wanawake wa Alabama walinadi mifarishi ya hariri ili kununua meli ya kivita. Mifarishi hiyo ilikuwa ya fahari, na kadhaa imehifadhiwa hadi leo.

Baada ya vita ulienea mtindo wa mfarishi wa majina. Mtu alilipa senti chache, jina lake likatariziwa kwenye mraba, na miraba ikaungwa. Ulipokamilika, mfarishi ulinadiwa au kuchezeshwa bahati nasibu, hivyo nguo moja ikaingiza fedha mara mbili. Makanisa yalijengea paa na kununulia makinanda kwa njia hiyo. Desemba 1917, Marekani ilipokuwa imeingia katika Vita Kuu ya Kwanza, jarida la Modern Priscilla lilichapisha mchoro wa mfarishi wa aina hii wenye alama za Msalaba Mwekundu, likieleza namna kijiji kimoja kingeweza kukusanya dola 1,000. Miji mingi midogo ilifuata mchoro huo, na mifarishi yao leo ni nyaraka muhimu za ukoo: wapo watu ambao jina lao halipatikani popote pengine ila kwenye uzi mwekundu wa mfarishi wa mwaka 1918. Wakati huohuo akina mama walihimizwa washone mifarishi kwa matumizi ya nyumbani ili mablanketi ya sufu yaende kwa askari.

Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mkulima wa Marekani alinunua unga na chakula cha kuku katika mifuko ya kitambaa cha pamba. Wenye viwanda walianza kuichapa maua ili akina mama waipende. Mifuko hiyo ikawa nguo za watoto, na nguo zilipochakaa zikawa viraka vya mifarishi.

Vita Kuu ya Pili iliirudisha kwa nguvu njia ya pili, ile ya kutumia, na safari hii Kanada ndiyo iliyotangulia. Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia London usiku baada ya usiku, na familia nyingi zikatoka katika vifusi bila hata shuka. Nchini Kanada, matawi ya Msalaba Mwekundu, vikundi vya Women's Institute vilivyokuwa vimeanzia Ontario mwaka 1897, makanisa na shule vilishona mifarishi kwa wingi usio wa kawaida. Makadirio yanafikia mamia ya maelfu. Ilivushwa Atlantiki, bahari iliyojaa nyambizi za adui, na kugawiwa Uingereza kwa msaada wa wanawake wa kujitolea. Kila mmoja ulishonewa kwenye pembe kitambulisho kidogo cha kitambaa kinachosema ni zawadi ya Msalaba Mwekundu wa Kanada. Vitambaa vilikuwa vya kila aina: masalia ya suti za wanaume, flaneli za mashati, magauni ya zamani. Miongo mingi baadaye baadhi ya familia za Uingereza ziliendelea kulalia mifarishi hiyo, au kuitandika kwenye gari na kwenye kibanda cha mbwa, bila kukumbuka ilikotoka, hadi mtu alipogeuza pembe na kukisoma kitambulisho.

Wamennonite wa Marekani na Kanada waliifanya kazi hii kuwa sehemu ya kudumu ya imani yao. Kanisa lao hukataa kubeba silaha, na tangu Vita Kuu ya Kwanza waumini walitafuta namna ya kutumikia bila kupigana. Mwaka 1920 waliunda Mennonite Central Committee, kwa kifupi MCC, mjini Elkhart, Indiana, ili kuwasaidia wenzao waliokuwa wakifa njaa Ukraine na kusini mwa Urusi. Vijana watatu walitangulia. Mmoja wao, Clayton Kratz, alikamatwa nchini Ukraine mwaka huohuo na hakuonekana tena. Mwingine, Orie Miller, aliishi kuongoza shirika hilo kwa miaka mingi, na ndiye aliyefika Tanganyika mwaka 1934 pamoja na Elam Stauffer kutafuta mahali pa kuanzia misheni. Walipachagua Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, na kutoka hapo likakua Kanisa la Mennonite Tanzania.

Baada ya mwaka 1945 mifarishi ya MCC ilipelekwa Ulaya iliyobomoka. Sehemu ya shehena hiyo ilifika Uholanzi, katika nyumba ya An Keuning-Tichelaar na mumewe Herman, mchungaji wa Kimennonite wa Friesland. Wakati wa vita wenzi hao walikuwa wamewaficha watu waliosakwa na Wajerumani. Vita vilipokwisha waliwapokea wakimbizi wa Kimennonite waliotembea kutoka Ukraine. Wakimbizi hao walilala chini ya mifarishi iliyoshonwa na wanawake wa Amerika. Walipoendelea na safari yao, An aliitunza mifarishi iliyobaki kwa miongo kadhaa, kisha akaikabidhi kwa Lynn Kaplanian-Buller, Mmarekani wa asili ya Kimennonite aliyekuwa akiuza vitabu Amsterdam. Kitabu walichokiandika pamoja kilitoka mwaka 2005, na mifarishi yenyewe ikazungushwa katika maonyesho Amerika Kaskazini, ilikoshonewa. Ni ya kawaida kabisa kwa macho: miraba ya magauni ya kazi, bitana ya rangi moja. Thamani yake ni kwamba njia yake inafahamika toka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mifarishi mingine ya wakati huo haikujaliwa.

MCC iliendeleza njia zote mbili. Kuanzia mwaka 1957 huko Pennsylvania, na mwaka 1967 New Hamburg, Ontario, ilianzishwa minada ya kila mwaka ambapo mifarishi iliyoshonwa kwa ustadi mkubwa hununuliwa kwa maelfu ya dola. Mifarishi myepesi ya vifundo haipelekwi mnadani. Hiyo huenda moja kwa moja katika kambi za wakimbizi.

Walutheri wa Marekani nao waliunda Lutheran World Relief mwaka 1945, kwa lengo lilelile la kuisaidia Ulaya, na baadaye misaada yao ikageukia Asia, Mashariki ya Kati na Afrika. Vikundi vya kina mama makanisani, wengi wao wastaafu, hukutana mara moja kwa juma wakakata, wakaunga na kufunga vifundo. Kabla ya kusafirishwa, mifarishi hutandazwa juu ya mabenchi ya kanisa na kuombewa katika ibada ya Jumapili. Kwa mwaka hukusanywa mamia ya maelfu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoipokea, hasa kwa sababu ya wakimbizi, ambao Walutheri wamewahudumia nchini humo tangu mwaka 1964 kupitia shirika la TCRS. Asiyeujua mkoa wa Kigoma, zilipo kambi za wakimbizi, anaweza kudhani blanketi si hitaji katika nchi ya joto. Aliyewahi kulala Kasulu au Kibondo mwezi wa Juni, chini ya turubai, anajua baridi ya alfajiri ilivyo.

Mfarishi wa kambini hauishii kitandani. Hutandikwa chini badala ya mkeka, hutundikwa kama pazia la kugawa chumba, hufungiwa mizigo, hukingia jua, na mama humbebea mtoto mgongoni kama mbeleko. Matumizi hayo ndiyo yaliyoamua umbo lake. Kipimo kinachotakiwa na MCC na Lutheran World Relief ni takriban inchi 60 kwa 80, yaani mita moja na nusu kwa mita mbili. Kwa kipimo hicho mshonaji hukata miraba 48 ya inchi 11, akaipanga sita kwa nane; kila mraba ukishaliwa nusu inchi kila upande na mshono, hubaki inchi kumi kamili. Vitambaa huchaguliwa vinavyofulika na kustahimili jua. Picha za bendera, silaha au alama za dini huepukwa, maana mpokeaji anaweza kuwa wa imani nyingine au amekimbia askari. Ujazo si lazima ununuliwe: blanketi kuukuu au taulo zilizochakaa zinafaa. Shuka la zamani huwa bitana.

Kisha tabaka tatu hutandazwa na kunyooshwa, hupigwa bandi zisisogee, na sindano yenye uzi mnene huchomwa toka juu, ikarudishwa karibu na ilipoingilia, na ncha mbili zikafungwa kifundo mara mbili. Vifundo hupangwa kila baada ya inchi nne hadi sita. Vikiwa mbalimbali zaidi, ujazo hujikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara chache, na mfarishi unabaki na mapengo yasiyotia joto. Mwisho, pindo la bitana hukunjwa kuja juu na kushonwa kwa mashine pande zote. Mtu asiyewahi kushika sindano anaweza kufunga vifundo siku ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu wanafunzi, wazee na hata wafungwa wameweza kushiriki. Wapenda mapambo hudharau kifundo kwa kuwa hakina ufundi wa mshono wa mkono. Hukumu hiyo haina haki. Mshono mzuri wa mkono huchukua miezi, na aliyelala kwenye unyevu hana miezi ya kusubiri.

Miongo ya mwisho ya karne ya 20 ilileta makundi mapya. Mwaka 1988 Ellen Ahlgren wa New Hampshire alianzisha ABC Quilts, awashonee watoto wachanga waliozaliwa na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwagusa. Mwaka 1995 Karen Loucks wa Colorado alianzisha Project Linus kwa ajili ya watoto wagonjwa, na mwaka 2003 Catherine Roberts wa Delaware, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraq, akaanza Quilts of Valor kwa askari waliojeruhiwa.

Mashirika ya misaada siku hizi hujadili kama bidhaa zinapaswa kusafirishwa kabisa. Hoja ni kwamba fedha taslimu hufika haraka na huchangamsha soko la mahali pale. Kwa nafaka na nguo hoja hiyo mara nyingi ina nguvu. Mfarishi umesimama imara zaidi kwa sababu mbili: malighafi yake ni mabaki ambayo yangetupwa, na vibarua vyake havilipwi. Januari 2020, ikiadhimisha miaka 100, MCC iliwaita washonaji wa Marekani na Kanada wakutane siku moja, kwa lengo la kukamilisha mifarishi 6,500, na walioitikia walivuka lengo hilo. Shehena za namna hiyo zinaendelea kwenda kwa wakimbizi, na masharti ya anayetaka kushona ni yaleyale: kitambaa kinachofulika, inchi 60 kwa 80, na kifundo kilichofungwa mara mbili.